Kitovu au mkono, spiriti au maji: kuchagua njia ya kumkinga kichanga na maambukizi ya mrija

Mtoto wa gramu 800 haumwi kama mtu mzima. Mara nyingi hapandi homa, joto lake hushuka. Jana alisahau kupumua mara moja mchana kutwa, leo anasahau mara tatu kwa saa. Ngozi inaota mabaka, tumbo linajaa, sukari inapanda wakati dripu ni ileile. Muuguzi anayemjua mtoto wake husema "leo huyu hayuko sawa" kabla mashine haijalia. Damu inapelekwa kuoteshwa, na kesho yake maabara wanapiga simu: wamekuta bakteria wa ngozi, au bakteria aina ya Klebsiella, au fangasi aina ya Candida, ambaye ndiye tunayemwogopa zaidi. Njia waliyopitia ni mrija ule ule tuliomwekea kwenye mshipa wa damu ili tumlishe.

Nimekesha na watoto njiti zamu nyingi, na ulinganisho huu nauandika kwa wenzangu wanaolazimika kuchagua: mrija upi, dawa gani ya ngozi, kifaa kipi kinafaa kununuliwa na kipi kinaweza kusubiri. Kila chaguo nimelipima kwa maswali mawili. Mrija utakaa siku ngapi? Na utafunguliwa mara ngapi?

Maswali hayo yanatokana na jinsi vijidudu vinavyoingia. Vipo vinavyofuata nje ya mrija kuanzia pale ulipotoboa ngozi, na hao hutusumbua zaidi siku za mwanzo. Vipo vinavyopita ndani, kupitia mdomo wa mrija, kila tunapochomeka bomba la sindano. Mrija ukishakaa wiki moja na zaidi, mlango wa pili ndio unaotumika zaidi. Ndiyo maana mrija uliowekwa kwa usafi wa hali ya juu bado unaweza kumuua mtoto siku ya 15.

Kanula ndogo au mrija wa kati

Mrija wa kati ni ule ambao ncha yake inafika kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Kanula inaishia kwenye mshipa mdogo wa mkono, mguu au kichwa.

Kanula huleta maambukizi ya damu mara chache zaidi, lakini kwa kichanga haidumu. Siku moja, mbili, mshipa umevimba, unatoboa tena. Kila tundu ni maumivu na ni mlango mpya kwenye ngozi ambayo kwa njiti wa wiki 25 ni nyembamba kama utando. Tena kanula haibebi kila kitu: glukosi yenye nguvu kupita asilimia 12.5, au lishe ya mshipani iliyo nzito (kwa kawaida zaidi ya miliosmoli 900 kwa lita), ikivuja nje ya mshipa inaua nyama.

Kwa hiyo mtoto wa gramu 1,800 ambaye ameanza maziwa na anahitaji maji ya mshipani siku tatu au nne, mpe kanula. Usimwekee mrija wa kati kwa sababu tu vifaa viko tayari mezani. Mtoto wa gramu 900 atakayehitaji lishe ya mshipani wiki nzima na zaidi, mwekee mrija wa kati mapema, kabla hujaimaliza mishipa yake yote kwa kanula. Katikati yao yupo yule anayemalizia antibiotiki kwa siku tano hadi saba. Huyo anaweza kufaidika na mrija wa sentimita 6 hadi 8 ambao ncha yake haifiki kifuani. Unadumu kuliko kanula, ila katika nguvu ya dawa na dripu uuchukulie kama kanula.

Jambo moja kuhusu kanula: tusiione kama kitu kidogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 lilitoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya damu yatokanayo na mirija, na sehemu ya kwanza kabisa ilihusu mirija ya mishipa midogo. Kanula isiyotumika inayoachwa mkononi "kwa usalama" ni mlango ulioachwa wazi.

Mrija wa kitovu au mrija mrefu wa mkono

Hapa ndipo mabishano mengi ya zamu hutokea, na pande zote mbili zina hoja.

Mshipa wa kitovu ni zawadi ya siku za mwanzo. Uko wazi, hautoboi ngozi, haumuumizi mtoto, na mkono uliozoea unauweka kwa dakika chache. Ni mpana vya kutosha kupitisha damu na hata kuchukulia vipimo. Lakini kisiki cha kitovu kinakauka, kinaoza taratibu, na kinakusanya bakteria kila siku. Hakuna plasta inayokifunika vizuri. Ncha nayo husogea kadiri kitovu kinavyosinyaa: picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza kuonyesha iko pazuri, na siku ya nne imerudi kwenye ini.

Mrija mrefu unaopitishwa kwenye mshipa wa mkono au mguu ni mwembamba sana, mara nyingi unene wa Frenchi 1 au 2 (Frenchi ni kipimo cha unene wa mirija). Unaweza kukaa wiki kadhaa na hauna tarehe maalumu ya kutolewa ukiwa unafanya kazi vizuri. Ubaya wake ni kazi ya kuuweka: mtoto anashikwashikwa kwa muda mrefu, mara nyingine mikono mitatu imejaribu kabla haujapita. Ule mwembamba kabisa haupitishi damu ya kuongezewa wala huwezi kuchukulia vipimo. Wengi huona hilo kama kasoro. Mimi naliona kama kinga, kwa sababu mrija usioweza kuchukulia damu haufunguliwi kwa ajili ya damu.

Swali halisi ni lini ubadilishe. Mwongozo wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, wa mwaka 2011 uliruhusu mrija wa mshipa wa kitovu kukaa hadi siku 14 ukitunzwa kwa usafi. Ule wa mwaka 2022, ulioandikwa mahsusi kwa vichanga mahututi, unashauri kufikiria kuutoa siku ya 7 au kabla. Yupo anayeshikilia jaribio lililochapishwa mwaka 2006 kwa watoto wasiozidi gramu 1,250. Kundi moja lilibadilishiwa mrija baada ya siku 7 hadi 10, kundi lingine lilibaki na wa kitovu hata hadi siku 28. Maambukizi yalikuwa asilimia 13 kwa 20, tofauti ambayo kwa idadi ile ya watoto haikutosha kuthibitisha jambo. Naelewa kwa nini mtu asiye na mirija mirefu stoo angependa kuishikilia hiyo. Lakini hata hapo mwelekeo hauko upande wa kitovu.

Uamuzi wangu: anza na kitovu kwa mtoto mdogo sana, na siku ya kuuweka andika kabisa siku ya kuutoa. Ukifika siku ya tano na maziwa bado yako chini, anza kupanga mrija mrefu, usingoje siku ya saba usiku. Ikiwa maziwa yanakwenda vizuri na siku mbili zijazo zinaweza kubebwa na kanula, toa wa kitovu na usiweke mwingine.

Kuhusu njia moja au njia mbili ndani ya mrija wa kitovu: wenye njia mbili hupunguza idadi ya kanula za ziada wiki ya kwanza, ila huziba na kuharibika zaidi, na ni midomo miwili ya kusafisha badala ya mmoja. Chagua mbili kama mtoto yuko kwenye dawa za kupandisha shinikizo zisizoweza kukatizwa. Vinginevyo moja inatosha.

Dawa ya ngozi: hapa pana hatari mbili, siyo moja

Kwa mtu mzima jibu ni rahisi, klorheksidini asilimia 2 kwenye spiriti asilimia 70. Kwa njiti jibu hilo linaweza kumuunguza.

Nilishuhudia kwa macho yangu. Mtoto wa wiki 24, siku ya kwanza, mrija wa kitovu. Aliyeandaa aliloweka gozi mpaka zikawa zinatiririka, akapaka tumbo mara tatu kwa nia njema. Dawa ikashuka ubavuni ikatuama chini ya mgongo, kwenye shuka, na juu yake tukamfunika kwa kitambaa tasa. Tulipomgeuza baada ya kazi, kiunoni palikuwa na mkanda mwekundu kama alama ya mshipi, na jioni ngozi ikaanza kuvuka. Dawa haikuwa na kosa, na mrija uliingia vizuri. Kosa lilikuwa wingi wa dawa na shuka lililobaki limelowa.

Klorheksidini ya spiriti inaua haraka, inakauka haraka, na inaendelea kufanya kazi kwenye ngozi kwa saa nyingi. Ile ya maji haina ukali wa spiriti lakini inachelewa kukauka, na hata yenyewe imewahi kuunguza watoto wa umri huo, kwa hiyo asiidhanie mtu kuwa ni maji ya kunawa. Povidoni ayodini haiunguzi kwa kiasi hicho, ila iodini inapenya ngozi changa na inaweza kudumaza kazi ya tezi ya koromeo (thairoidi) kwa muda. Inahitaji dakika kama mbili ikauke yenyewe, na ikishakauka ifutwe kwa maji tasa. Mwaka 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliweka onyo kwenye klorheksidini kwamba itumike kwa uangalifu kwa njiti na watoto walio chini ya miezi miwili, kwa sababu inaweza kuwasha au kuunguza. Onyo hilo halikuizuia, na mimi siioni kama sababu ya kuiacha.

Ninavyochagua ni hivi. Mtoto wa wiki 28 na zaidi: klorheksidini ya spiriti, kidogo, ikauke sekunde 30. Mtoto chini ya wiki 28 katika siku zake za kwanza: klorheksidini ya maji kwa kiasi cha kulowesha tu, au povidoni ayodini inayofutwa. Akishafikisha wiki mbili tatu za kuishi, ngozi yake imekomaa na unaweza kuangalia upya. Kwa dawa yoyote: kamua gozi kabla ya kupaka, weka kitambaa kikavu ubavuni kunyonya kinachotiririka, badilisha shuka lililolowa kabla hujamfunika, na mwisho wa kazi futa mabaki kwa maji tasa. Hatua hizo za mwisho hazigharimu chochote na ndizo zinazorukwa.

Plasta zenye sponji ya klorheksidini zinawekwa sana kwa wakubwa. Kwa vichanga wadogo siziungi mkono. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, takriban asilimia 15 ya watoto wasiozidi gramu 1,000 waliowekewa walipata vidonda vya ngozi. Plasta safi inayoona ndani inatosha, na usiibadilishe kwa ratiba tu. Ibadilishe ikilowa, ikibanduka au ikiwa na damu, maana kila ukiibandua unaweza kuuvuta mrija.

Mirija iliyopakwa dawa, na antibiotiki za kujihami

Hii nitaipita haraka, kwa sababu jibu lipo. Uingereza walijaribu mirija mirefu iliyolowekwa rifampisini (antibiotiki) na mikonazoli (dawa ya fangasi), kwa watoto 861 katika wodi 18 za vichanga mahututi, na matokeo yalitoka mwaka 2019. Maambukizi ya damu yalikuwa karibu sawa pande zote mbili, kama mtoto mmoja kati ya kumi, na upande wa mirija yenye dawa ulionekana usugu zaidi dhidi ya rifampisini. Fedha ya kununulia mirija hiyo ipeleke kwingine.

Kumpa mtoto antibiotiki kwa sababu tu ana mrija, usifanye. Utavuna bakteria sugu na fangasi. Kuna jambo moja la tofauti: wodi ambazo Candida inawashambulia zaidi ya asilimia 10 ya watoto walio chini ya gramu 1,000, hao wana sababu nzuri ya kuwapa flukonazoli, dawa ya fangasi, ya kinga mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Kama wodi yako haiko hapo, huihitaji.

Mdomo wa mrija, saa tisa usiku

Usiku, mashine mbili zinalia, mtoto wa tatu anahitaji dawa yake. Unafungua kitambaa cha spiriti, unagusa mdomo wa mrija, unachomeka. Imechukua sekunde mbili. Sote tumeshafanya hivyo, na ni hapo hasa mtoto anapoambukizwa.

Kusugua kwa spiriti, au klorheksidini yenye spiriti, kwa sekunde 15 huku ukizungusha, kisha kuacha pakauke, kunafanya kazi. Kati ya dawa hizo mbili tofauti ni ndogo kuliko tofauti kati ya sekunde 2 na sekunde 15. Sisi tulianza kuhesabu kwa sauti, moja mpaka kumi na tano, na mwenzako aliye kitanda cha pili akisikia umekoma kwenye saba anakuita jina. Vifuniko vyenye spiriti vinavyokaa juu ya mdomo wa mrija vinapunguza usahaulifu, lakini kwa mtoto mdogo kuna wasiwasi kuhusu spiriti kupenya ndani, hivyo mimi bado nachagua mkono unaosugua.

Sasa hesabu kufunguliwa. Mtoto anapata ampisilini mara mbili na jentamisini mara moja kwa siku. Kila dozi ni kusukuma maji, kusukuma dawa, kusukuma maji tena: mara tatu mrija unaguswa. Dozi tatu ni mara tisa kwa siku. Damu iliyooteshwa ikirudi safi baada ya saa 36 hadi 48 na mtoto yuko vizuri, ukizisimamisha umefuta migusano 63 kwa wiki. Sijui kifaa chochote cha kununua kinachoweza kufanya hivyo.

Kwa mabomba ya dripu, kubadilisha kila siku hakusaidii. Yale ya mafuta ya mshipani na damu yabadilishwe ndani ya saa 24. Mengine yaweza kukaa saa 96, na kuyabadilisha mapema zaidi ni kufungua njia bila faida.

Maziwa ya haraka au ya taratibu

Wengine watashangaa kwa nini hili liko hapa. Liko hapa kwa sababu mtoto anayefikia maziwa kamili hahitaji mrija. Wodi nyingi hutoa mrija maziwa yakifika mililita 120 kwa kilo kwa siku, na hakuna haja ya kusubiri 150.

Jaribio kubwa la Uingereza na Ireland lililochapishwa mwaka 2019, la watoto 2,804, lililinganisha kuongeza mililita 18 kwa kilo kwa siku na kuongeza 30. Waliopandishwa haraka walifikia maziwa kamili siku ya 7, wengine siku ya 10, na ugonjwa wa kuoza utumbo haukuongezeka. Nisifiche upande wa pili: maambukizi ya damu hayakupungua kwa kiasi cha maana, asilimia 29.8 kwa 31.1. Kwa hiyo maziwa ya haraka peke yake si kinga. Ni nafasi ya siku tatu, na nafasi hiyo inapotea pale maziwa yamefika 120 Ijumaa na mrija ukaachwa hadi Jumatatu "asije akatapika".

Kununua au kubadilisha utaratibu

Mwaka 2006 zilichapishwa takwimu za vyumba 103 vya wagonjwa mahututi, wengi wao katika jimbo la Michigan, Marekani. Walikuwa watu wazima, lakini funzo linatufaa. Hawakununua mrija mpya. Walinawa mikono, walivaa mavazi kamili ya kujikinga wakati wa kuweka mrija, walitumia klorheksidini, waliepuka mshipa wa paja, na walitoa mirija isiyohitajika. Ndani ya miezi mitatu kiwango cha kati kilishuka kutoka maambukizi 2.7 kwa siku 1,000 za mrija hadi sifuri. Sehemu iliyokuwa ngumu ni ile ya muuguzi kuruhusiwa kumsimamisha daktari akiruka hatua. Ukilinganisha orodha iliyobandikwa ukutani na orodha inayoshikwa na mtu mwenye ruhusa ya kusema "daktari, tuanze upya", ni hiyo ya pili inayofanya kazi.

Vilevile, mikono michache inayoweka mirija mirefu kila wiki inashinda mikono mingi inayoweka mara moja kwa miezi miwili. Kama wodi ina watu wanne wenye mkono mzuri, wapangwe wasikose wote zamu moja.

Mwenye uwezo wa kubadilisha jambo moja tu mwezi huu, namshauri aanze na kuhesabu. Kila usiku, saa ileile, andika ni watoto wangapi wana mrija wa kati. Jumla ya mwezi ndiyo siku za mrija. Tuseme mmepata siku 600 na maambukizi 3: gawanya 3 kwa 600, zidisha kwa 1,000, mna 5. Kisha asubuhi, mkipita kitanda kwa kitanda, anayemhudumia mtoto atamke kwa sauti: mrija uko siku ya ngapi, maziwa yako mililita ngapi, na leo utatumika kwa kitu gani. Akikosa jibu la swali la tatu, leta gozi na mkasi kabla hamjahamia kitanda kinachofuata.